Umechoka na Saluni? Kabla ya Kuacha, Jua Umechoka na Nini

Leo naongea na dada anayesuka, anayebandika kucha au kope, na kaka kinyozi pia, ambaye kila asubuhi akifungua mlango wa saluni moyo unamwambia "leo tena?" Nyie mnaouza nywele na vipodozi mtandaoni msiondoke, mna sehemu yenu huku chini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao ajue tunabishania nini. Mi naona wengi wanaosema wameichoka saluni hawajazichoka nywele. Wamechoka kufanya kazi mahali ambapo hakuna kitu chao. Mteja wa bosi, kiti cha bosi, muda wa bosi, na pesa inapita mkononi mwako ikielekea kwenye droo ya mtu mwingine. Sasa mtu wa hivyo ukimwambia tu "acha kazi, uza mtandaoni", umempa dawa bila kumpima. Anaweza kupona, na anaweza kulala njaa na mtoto wake.

Mnijue kidogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia saluni moja huku Temeke, nikakaa miaka minne. Nilianza kwa kufagia nywele na kuosha vichwa, nikaishia kuwa msusi ambaye watu wanamwulizia kwa jina. Leo nina fremu yangu ndogo, nauza rasta, wigi, mafuta na kofia za kulalia, na mauzo mengi yanatoka WhatsApp na Instagram. Biashara sijaisomea popote. Nimejifunza kwa daftari na kwa kuuliza waliotangulia.

KWA NINI NIMEANDIKA HILI

Wiki tano zilizopita binti mmoja aliniandikia inboksi. Ameniruhusu niseme, ila jina nabaki nalo. Aliandika hivi: "Dada nimechoka, Jumamosi ndo siku yangu ya mwisho saluni. Nina laki tatu na themanini. Kuna mtu atanikopesha laki tano, nitarudisha laki saba baada ya miezi miwili. Nataka kuuza wigi. Naanzia wapi?"

Ana mtoto wa miaka mitatu na chumba cha kupanga. Nikamjibu: usiache Jumamosi, kwanza niambie umechoka na nini. Akakaa kimya kama saa mbili, kisha akajibu: "Kila kitu."

Namwelewa. Mtu akichoka, vitu vyote vinakuwa kitu kimoja. Mgongo, bosi, mteja aliyesukwa saa sita akaondoka kwa nongwa, nauli, mvua, vyote vinaitwa "saluni". Lakini kwenye "kila kitu" huwezi kupanga hatua hata moja. Nikamwambia anunue daftari.

DAFTARI LA SIKU 30

Chukua daftari la kawaida la shule, chora safu nne: tarehe, vichwa, pesa, kilichoniudhi. Kila siku kabla hujalala jaza mstari mmoja. Vichwa maana yake wateja uliowahudumia wewe. Pesa ni kilichoingia kwako wewe, sio bei aliyolipa mteja. Kilichoniudhi andika kitu kimoja tu, kile kilichouma kuliko vingine. Kama siku ilikwenda vizuri, andika "poa".

Usibadilishe kitu chochote ndani ya siku hizo. Usigombane, usiage, usikope. Unapima tu. Siku ya 30 hesabu ile safu ya mwisho. Utaona uchovu wako unaingia kwenye mafungu manne, na kila fungu lina dawa yake.

Fungu la kwanza: MWILI

Hili watu wa saluni tunalidharau sana. Kusimama tangu asubuhi hadi usiku, shingo imeinama, vidole vinakaza nywele zile zile. Miguu inavimba, mgongo unalia. Halafu kuna dawa. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kemikali kali, nyingine zina sodiamu haidroksidi, ambayo inaunguza ngozi. Baadhi ya dawa za kunyoosha zinazouzwa kwa jina la keratini hutoa fomaldehaidi zikipigwa pasi ya moto, ndio ule moshi unaokata koo na kutoa machozi.

Sio maneno ya mtaani. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeiweka fomaldehaidi kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na kazi yenyewe ya kutengeneza nywele na unyozi imewekwa kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba inachangia saratani kwa anayeifanya. Haina maana kila msusi ataumwa. Ina maana dirisha lifunguliwe, glovu zivaliwe, na hiyo kazi ya moshi isifanyikie kwenye chumba kisicho na hewa.

Kama daftari lako limejaa mwili, anza na hayo: glovu, dirisha, stuli ya kukalia unaposuka, siku ya kupumzika. Ukiona kifua kinabana kila ukishika dawa, au mikono inatoka vipele visivyopona, nenda hospitali. Daktari akikwambia hiyo kazi haikufai, hapo sina ubishi: ondoka. Unaweza kubaki kwenye kusuka ukaachana na dawa, au ukatoka kabisa. Hakuna kamisheni inayolipa kifua.

Fungu la pili: PESA

Twende na hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako.

Tuseme kwa mwezi unasuka vichwa 30, kila kichwa 25,000. Jumla 750,000. Asilimia yako ni 40, unapata 300,000. Siku za kazi 26, nauli na chakula 5,000 kwa siku, hiyo ni 130,000. Unabaki na 170,000. Ukitoa kodi ya chumba na matumizi ya mtoto, unajua mwenyewe kinachobaki.

Ukiangalia hapo, unasema tatizo ni saluni. Mi nasema angalia tena. Tatizo ni ile 40. Saluni nyingi za mjini zinakubali msusi akodi kiti: analipa kiasi maalumu kwa mwezi, anachoingiza ni chake. Tuseme kiti ni 150,000. Vichwa vile vile 30, 750,000 toa 150,000, toa nauli na chakula 130,000, unabaki na 470,000. Mikono ile ile, rasta zile zile, tofauti 300,000.

Ila kiti kina ubaya wake. Ukiwa na wateja au usiwe nao, kodi ya kiti iko pale pale. Kwa namba hizi, mpaka ni vichwa 10 kwa mwezi. Ukiwa na 10, kamisheni inakupa 100,000, na kiti kinakupa 100,000, ngoma droo. Chini ya hapo baki kwenye asilimia, juu ya hapo kiti ndio chako. Kwa hiyo kabla ya kumfuata bosi kuomba kiti, ile safu ya vichwa lazima iwe na namba unayoiamini, tena ihusishe na mwezi mbaya kama Januari, wazazi wakiwa wameelekeza pesa zote kwenye ada na sare.

Na kabla ya kiti kuna jambo dogo zaidi: kuongea. Msusi ambaye ana daftari linaloonyesha ameingiza 750,000 kwa mwezi anaweza kukaa na mwenye saluni na kusema, "Bosi, naomba tuangalie asilimia yangu." Asiye na daftari anabaki kununa. Atanuna mwaka mzima na 40 yake itabaki 40.

Fungu la tatu: HESHIMA

Kutukanwa mbele ya wateja. Kutumwa ukachukue mtoto wa bosi shule wakati mteja wako amekaa na nusu kichwa. Asilimia yako kucheleweshwa wiki tatu. Kukatwa pesa ya draya lililoharibika lenyewe. Mteja wa kiume kinyozini anayekushika mkono asiuachie na bosi anacheka.

Hili fungu halitibiwi na mtandao, linatibiwa na mlango. Hama saluni. Saluni ni nyingi kuliko wasusi wazuri, na mwenye mkono hakosi pa kuweka kitana chake. Ukiona kuna kushikwa au kutishiwa, usisubiri siku 30 za daftari, ondoka na utafute msaada.

Na haki zako uzijue. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kila wiki upate mapumziko ya saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kama unalipwa kwa mwezi, anayetaka kuvunja ajira, awe bosi au wewe, anatoa taarifa ya siku 28 kwa maandishi. Mwenye mgogoro anakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina ofisi mikoani. Ukiachishwa kazi unaona umeonewa, una siku 30 za kupeleka lalamiko. Kwa madai mengine kama mshahara, siku 60. Wengi wanakuja kukumbuka baada ya miezi sita.

Utaniambia, "Mi sina mkataba wa karatasi." Kukosa karatasi peke yake hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Kama bosi ndiye anakupangia muda wa kuingia na kutoka, anakupa vifaa na wewe humtumikii mwingine, nenda kaulize kabla hujakata tamaa. Na hapo tena daftari lako linasaidia, maana lina tarehe na pesa.

Fungu la nne: MOYO

Hapa ndio pale umelipwa vizuri, bosi ni muungwana, mwili mzima, lakini bado ukiona kichwa cha mtu unatamani kulia. Ulisukumiwa huko kwa sababu ulifeli mtihani na shangazi alikuwa na saluni. Hujawahi kuipenda. Kama daftari lako linasema hivi siku 20 kati ya 30, basi kweli hii kazi sio yako, na sio aibu. Badilisha. Ila badilisha kwa kalenda, usibadilishe kwa hasira.

SASA HESABU YA WIGI

Turudi kwa yule binti, maana mpango wake ndio mpango wa wengi. Wigi moja ya bei ya kati, tuseme anainunua Kariakoo kwa 85,000 na kuiuza 110,000. Juu juu faida ni 25,000. Toa nauli ya kufuata mzigo, toa mfuko, toa bando, toa punguzo ambalo kila mteja lazima aombe. Tuseme inabaki 18,000 safi.

Saluni ilikuwa inamwachia 170,000 baada ya nauli na chakula. Ili wigi zimpe hiyo hiyo anatakiwa auze 10 kwa mwezi. Wigi 10 zilizolipwa, sio 10 zilizoulizwa "bei gani" halafu mtu akapotea. Na mtaji wake wa 380,000 unanunua wigi 4, zinabaki 40,000. Kwa hiyo pesa yake lazima izunguke mara mbili na nusu ndani ya mwezi mmoja, mwezi wa kwanza kabisa, akiwa hajulikani, huku anakula kutoka kwenye mzunguko huo huo. Akila wigi moja tu, amebaki na tatu.

Sasa weka na ule mkopo. Anapewa laki tano, anarudisha laki saba. Ile laki mbili ya juu peke yake ni faida ya wigi 12. Yaani wigi 12 atauza kwa ajili ya mkopeshaji kabla hajajiuzia hata moja. Ndio maana mtaani tunaziita kausha damu. Anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu imeshatangaza hadharani programu za mikopo za simu zisizo na kibali. Uliza leseni kabla hujatoa kitambulisho chako.

Kama unahitaji mtaji kweli, kuna njia za taratibu. Mchezo wa wenzako mnaoaminiana. Kikoba. Na halmashauri: asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na inapita kwenye vikundi vilivyosajiliwa. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akupe utaratibu. Inachukua muda na ina foleni, lakini haikaushi damu.

MTAJI ULIO NAO NA HUUJUI

Hapa ndio penye moyo wa jambo langu.

Ingia mtandaoni uangalie wauzaji wa nywele. Wengi wanaposti picha ile ile iliyotoka kwa winga, maneno yale yale, "mzigo mpya umeingia, wahi". Mteja akiuliza, "Kichwa kimoja pakiti ngapi?" hawajui. Akiuliza, "Hii rasta ukiichoma maji ya moto inalala au inasimama?" kimya. Akiuliza, "Inawasha?" anaambiwa "ni orijino dada". Hawajawahi kufumua rasta ya mtu aliyekaa nayo wiki sita. Wewe umefumua mia.

Wewe unajua rasta ipi inajikunja kwenye kola baada ya wiki mbili. Unajua gundi ipi inaachia kwenye jasho la Februari ya Dar. Unajua mwenye nywele nyepesi mbele asisukwe vidogo vidogo akaja kuota upara. Ukisuka twende kilioni unajua urefu upi unafaa kwa mfanyakazi wa ofisini na upi wa bibi harusi. Hiyo ndio bidhaa. Rasta kila mtu anazo, jibu hana kila mtu.

Kwa hiyo ukitaka kuingia mtandaoni, usianze na wigi za 85,000. Anza na vitu vidogo ambavyo mikono yako tayari inavijua: rasta, mafuta ya ngozi ya kichwa, kofia za kulalia, vitana, gundi. Anza ukiwa bado saluni, nje ya saa za kazi. Kila jioni weka jibu moja kwenye WhatsApp yako: swali ambalo mteja alikuuliza leo na ulivyomjibu, picha moja, bei, basi. Mi nilianza hivyo na pakiti 12 za rasta. Sikuhitaji kuchukua mkopo kwa sababu mauzo yaliponisaliti, mikono ililipa kodi. Saluni ilikuwa bima yangu.

Jambo moja la heshima. Usinakili namba za wateja kwenye daftari la bosi. Mteja aliyekupa namba yake mwenyewe kwa sababu anataka wewe umsuke, huyo ni wako. Aliyeandikwa kwenye kitabu cha saluni ni wa saluni. Na usiuzie bidhaa zako kwa siri ndani ya saluni inayouza bidhaa hizo hizo. Sisemi hivi kwa uoga. Bosi uliyemwaga vizuri anaweza kuwa mteja wako wa kwanza wa jumla. Mi yule niliyefanya naye kazi, pamoja na yote, leo ananunua rasta kwangu kwa katoni.

NYIE MNAOUZA TAYARI

Mnalipa watu maarufu waposti wigi zenu, sawa, pesa ni zenu. Lakini mtu anayeaminiwa kwenye mambo ya nywele kuliko wote ni yule dada aliyesimama nyuma ya kiti. Akisema "hii itakuwasha", mteja hanunui. Akisema "hii nunua", mteja anatoa pesa hapo hapo. Tafuteni wasusi watano wa mtaani kwenu. Mpeni kila mmoja pakiti chache kwa mali kauli, auze, alete pesa yenu, abaki na cha juu. Mwandikishane kwenye karatasi: idadi, bei, siku ya kuleta hesabu. Anayelipa vizuri mwongezee mzigo, asiyelipa umepoteza pakiti chache tu.

Na mnapofanya hivyo msimdhulumu. Mtu aliyekimbia dhuluma ya saluni asije akaikuta kwenye inboksi yako.

UKWELI WA UPANDE HUU

Nisije nikawapamba. Huku nako kunachosha. Mteja anaandika saa sita usiku "mambo, bei?" na usipojibu anakasirika. Mzigo wa mkoani umefika kwenye basi, mpokeaji hapokei simu. Bodaboda amefika mlangoni, mteja anasema "nilidhani ni nyeusi zaidi", mzigo unarudi na nauli umelipa wewe. Fremu inataka kodi ya miezi sita mbele. Siku nyingine unakaa dukani peke yako toka asubuhi na unakumbuka vicheko vya saluni, stori za wateja, ugali wa kuchangia. Kuna siku nakumbuka hadi harufu ya draya.

Tofauti ni kwamba hasara ya huku ni yangu na faida ni yangu. Kwangu mimi hiyo inatosha. Kwako huenda isitoshe. Kuna wasusi nawafahamu wamekodi kiti, wana wateja wao, na ukiwaambia habari za duka wanakucheka. Wako sahihi. Kubadilisha kazi sio kupanda daraja. Ni kutafuta mahali ambapo uchovu wako unakulipa.

Yule binti alinitumia picha ya daftari lake. Siku 26 za kazi. Kutukanwa mbele ya watu, siku 11. Pesa kucheleweshwa, siku 8. Mgongo, siku 5. Poa, siku 2. Nywele zenyewe hazikumuudhi hata siku moja. Hakuchukua ule mkopo. Sasa hivi anaongea na saluni ya mtaa wa pili kuhusu kiti, na ameanza na pakiti 10 za rasta. Sijui kama itamwendea vizuri. Najua tu kwamba angeacha Jumamosi ile, angekuwa ameacha kitu anachokipenda kwa sababu ya mtu anayemtukana.

LINI UONDOKE KABISA

Kwa maoni yangu, uzia mitandaoni pembeni hadi uone mambo matatu. La kwanza, miezi mitatu mfululizo faida ya biashara imefika angalau nusu ya kinachobaki saluni. La pili, una akiba ya kodi ya chumba na chakula ya miezi mitatu, pesa ambayo sio mtaji na hauigusi hata mzigo mzuri ukitokea. La tatu, angalau nusu ya wateja wako wanarudi wenyewe bila wewe kuwakumbusha. Hayo yakitimia, toa taarifa kwa maandishi, dai chako kilichobaki, aga vizuri, ondoka. Ukiweza panga uondoke kabla ya msimu, sio baada. Wiki za kabla ya Idi na mwezi wa Desemba nywele zinajiuza. Ukitoka Januari unaanza na ukame. TIN nenda TRA, inatolewa bure, usimpe dalali hata mia.

Kama bado hayajatimia, wewe sio mwoga. Unajenga.

Mwenye mwenzake saluni amtumie hii. Na wewe uliyesoma hadi hapa huku miguu ikiwaka moto, leo ukitoka pitia dukani ununue daftari. Tarehe, vichwa, pesa, kilichoniudhi. Siku ya 30 ukilifungua, hutasema tena "kila kitu". Utakuwa na jina la kinachokuuma, na ukishakuwa na jina lake, unajua ni mlango upi wa kugonga.